Kitabu Nusu, Koleji Nzima

(Hotuba kamili ya Hajji Muniru, Mwenyekiti wa Mradi wa Kusoma Likizo na Kwenda Koleji, aliyoitoa katika uwanja wa soko, Busia upande wa Uganda, Januari 1978.)

Kabla sijamtaja mkubwa yeyote, niseme hili kwanza, ili mjue mnahutubiwa na mtu wa aina gani: katika mpaka huu wote, kutoka Malaba mpaka ziwani, hakuna mwenye bahati kama mimi. Nilikuwa kijana wa Tororo, mtoto wa fundi cherehani, suruali ina viraka na viraka vyenyewe vina viraka. Likizo moja nikaokota kitabu, nikakisoma kuanzia jalada mpaka jalada, Mzungu mmoja akaniona, akasema, "Muniru, kichwa hiki si cha kubebea mikungu ya ndizi," akanipa skolashipu, nikaenda koleji London miaka mitatu, nikala kwa kisu na uma mpaka mkono ukasahau ugali, na nikarudi na koti hili mnaloliona. (Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Hajji, koti ya London mbona iko na lebo ya Nakuru?" Kicheko.) Lebo ilibadilishwa forodhani, ndugu yangu. Tuendelee.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye hajafika lakini kiti chake kimefika, Mheshimiwa Naibu wa Mgeni wa Heshima, ambaye alitumwa kumwakilisha na amemwakilisha kwa ukamilifu, maana naye hajafika, Afande Emuron, mkuu wa kizuizi cha barabarani, jicho la serikali, sikio la serikali, na leo, kwa karanga ninazoziona mkononi mwake, tumbo la serikali, Madamu Prinsipo Peninah wa koleji ya walimu, mama wa walimu wote ambao bado hawajawa walimu, masheikh, makasisi, na wale wanaosali wakiumwa tu, wafanyabiashara wa jumla, wa rejareja, na wale wa njia za panya ambao sitawataja kwa majina kwa kuwa nawaona wote wameinama, watu wa Masinya mliokuja kwa miguu, watu wa Merikit mliokuja kwa baiskeli, na watu wa Kiyeyi mliokuja kwa sababu mlisikia kuna chai ya sukari, (Makofi makubwa kuliko yote yaliyotangulia.) ndugu zetu wa Kenya mliovuka asubuhi na mtakaovuka jioni; wanafunzi maskini, na wazazi wa wanafunzi maskini, ambao kwa uchunguzi wa kitaalamu nao wamegunduliwa kuwa maskini: hamjambo?

(Umati: "Hatujambo!" Hajji, ambaye ni mfupi, anajivuta juu zaidi kwenye jukwaa lake. Jukwaa ni kitu kinene kilichofunikwa kitambaa cha kijani, na kila akikanyaga kinabonyea.)

Ndugu wananchi, kama inavyoeleweka kitaifa, kimataifa na kitarafa, tatizo sugu la likizo ndefu ni kwamba ni ndefu. Mwanafunzi anafunga shule akiwa na akili ya kutosha. Kufikia Krismasi akili imepungua kwa asilimia arobaini, kufikia mwaka mpya kwa asilimia sabini, na mtoto wa maskini, ambaye nyumbani hana cha kusoma isipokuwa kalenda ya mwaka juzi, anarudi shuleni akiwa amepungua kwa asilimia mia moja na kumi na nne, yaani amesahau hata mambo ambayo alikuwa bado hajafundishwa. (Mzee mmoja: "Kweli kabisa! Wangu alisahau mpaka jina ya mwalimu." Mwingine: "Wako alikuwa hajui toka zamani!" Kicheko.)

Kwa hiyo ofisi yangu, kwa kushirikiana na mimi mwenyewe, chini ya serikali yetu tukufu ya kijeshi, ilikaa, ikasimama, ikakaa tena, ikaunda kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, kamati ndogo ikanywa soda, na katika hali ya kuharakisha implementesheni, kodinesheni na uchangamshaji wa programu hiyo, likapitishwa azimio zito ambalo nalirudia hapa kwa kishindo: mtoto maskini yeyote aliyemaliza sekondari, atakayesoma kitabu chetu likizo hii mpaka mwisho, atakwenda koleji bure! Kitanda bure, chakula bure, na akiumwa, panadoli bure! (Vigelegele.)

("Hajji!" Ni Rehemah, muuza karanga wa kona ya stendi, amesimama na beseni kiunoni. "Kulusumu wangu nasoma likizo yote, macho nakuwa nyekundu kama nyanya. Koleji nafungua Jumatatu. Anakwenda ama hakwendi? Kama hakwendi niambie leo, nimpatie hii beseni abebe yeye, maana miguu yangu imekataa.")

Mama Rehemah, swali lako ni zuri sana, ni swali la kiprogramu, nalo litajibiwa katika kipengele kinachofuata, au kile kinachofuata hicho. Kaa, mama. ("Nakaa wapi, Hajji? Hii ni soko.") Basi simama kwa nidhamu.

Sasa niwaeleze juu ya kitabu chenyewe, kwa ajili ya Mgeni wa Heshima, ili kiti chake kikampelekee habari. Kitabu ni kimoja, kopi ni nyingi. Ni hadithi ya bwana harusi ambaye, siku chache kabla ya ndoa, aliwatangazia watu kwamba punda wa baba mkwe amemeza pete. Ukoo wote wa bibi harusi ukahamia nyuma ya punda kungojea. Wanampa punda maji, wanampa majani, wanampa dawa za kienyeji, mashangazi wanapokezana zamu, na harusi inakaribia. (Sauti nyingi: "Pete ilitoka?") Tulieni! Hilo ndilo swali la mtihani wa kitaifa, siwezi kulivujisha.

Wapo watu wenye wivu, na mwenye wivu anajijua, ambao wamekuwa wakiuliza kwa nini vitabu vya mradi mkubwa namna hii vilifika vimekatwa katikati kwa panga. Nataka niwajibu kisayansi. Ule mnaouita ukataji ni disentralaizesheni. Mtaalamu wetu wa usafirishaji, Mutwalibu, simama watu wakuone, (Mutwalibu mwenye baiskeli anasimama, anamwona Afande Emuron, anakaa.) alichukua kila kitabu, akakigawa kwa usawa usio na upendeleo, nusu ya kwanza ikaja Uganda, nusu ya pili ikabaki Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka jana, kila nchi ilinyakua kilichokuwa karibu, huyu ndege, yule mabehewa, yule meli. Sisi wa Busia tuligawana kitabu, na tofauti yetu na wakubwa ni kwamba cha kwetu, ukivuka barabara, kinaendelea. (Makofi marefu. Wakenya wanapiga zaidi.)

Nusu hizo hazikuwekwa kabatini kama wafanyavyo watu wasiosafiri. Karatasi imeadimika, kama ilivyoadimika chumvi, sabuni, na mimi ofisini. Kwa hiyo tulifungua Senta mbili za Usomaji. Senta ya Uganda iko chini ya Mkurugenzi Rehemah, (Rehemah: "Mimi nakuwa nani?") na Senta ya Kenya iko chini ya Mkurugenzi Anjeline, ambaye naye anauza karanga, upande wa pili. Kila ukinunua karanga, zimefungwa ndani ya ukurasa. Unakula, unasoma. Protini inapanda na elimu inapanda, zinakutana kifuani. Nimezunguka dunia, ndugu zangu, London hawana kitu kama hiki; London karanga zinakuja ndani ya bati, na bati halina hadithi.

(Anjeline kutoka upande wa Wakenya: "Hajji, usinipe cheo, kitaniletea maneno na mume wangu! Mimi niliachiwa karatasi nikaambiwa nifungie karanga, basi. Lakini huyu msichana wa Rehemah, jamani! Alikuwa anavuka kila siku, hataki karanga kubwa, hataki karanga ndogo, anachagua kwa namba ya ukurasa. 'Mama Anjeline, nipe ile ya themanini na tatu.' Nikamwambia, 'Wewe msichana, hii ni karanga, si bahati nasibu!' Nikaishia kumtafutia. Mteja mwingine nilimnyang'anya mkononi." Kicheko. Mtu mmoja: "Mimi huyo! Nilibaki na karanga kwa kofia!")

Mmesikia wenyewe, huo ndio unaoitwa mwitikio wa walengwa. Na si wanafunzi peke yao. Nimearifiwa kwamba hata Afande Emuron, katika uangalifu wake wa kulinda taifa, aliisoma nusu ya kwanza yote pale kizuizini, malori yakapanga foleni mpaka karibu na Tororo, na madereva walipolalamika aliwasomea kwa sauti. (Afande Emuron, bila kutoa miwani ya jua: "Hajji, maliza maneno. Mimi nangoja punda.")

Basi na tufike kwenye kilele. Wote waliosoma kitabu mpaka mwisho wapite hapa mbele, mbele ya Madamu Prinsipo, wapokee koleji yao.

(Watu wengi wanapita mbele, wakiwemo wazee watatu na mwanamke mwenye mtoto mgongoni.)

Haya. Wewe kijana, jina lako? ("Oluka, kutoka Merikit.") Oluka, umesoma? ("Mpaka mwisho, sir.") Mwishoni kulikuwa na nini? ("Kulikuwa na... jalada, sir.") Rudi nyuma. Na wewe mzee? ("Mimi sijasoma, Hajji. Nilidhani huu ni mstari ya chai.") Mstari wa chai ni baadaye, mzee wangu. Rudi, rudi, rudini wote, isipokuwa huyu.

(Amebaki msichana mmoja, Kulusumu. Mkononi ana kurasa alizozishona kwa uzi wa gunia. Zimelowa mafuta ya karanga mpaka ukishika moja unasoma pande zote mbili kwa pamoja. Madamu Prinsipo anazipokea, anazifungua, anazinusa, anatikisa kichwa taratibu.)

Kulusumu binti Rehemah. Kwa mamlaka niliyonayo na yale niliyojiongezea, nakuuliza swali la mtihani mbele ya taifa. Pete ilitoka?

(Kulusumu: "Haikutoka, Hajji." Umati: "Uuuui!" Kulusumu anaendelea: "Haikutoka kwa sababu haikuingia. Bwana harusi hakununua pete. Alimsingizia punda ili apate siku za kutafuta." Afande Emuron anasimama. "Ngoja. Na punda?" "Punda hakumeza kitu, Afande. Alikuwa anaharisha zile dawa tu." Afande anavua miwani, anapangusa jicho. "Maskini punda ya watu.")

Eh. Hakununua. Umesoma vizuri, nadhani ukurasa fulani ulikuwa na mafuta mengi... Halafu ikawaje?

("Halafu siku ya harusi mashangazi wamechoka, bibi harusi amechoka, akamwuliza mbele ya watu wote, 'Iko ama haiko?' Bwana harusi akasimama pale akatokwa jasho. Akasema haiko. Ukurasa wa mwisho anauza koti yake, ananunua." Kulusumu anamtazama Hajji. "Sasa Hajji, mimi nakwenda Jumatatu?")

(Hajji anafungua karatasi ya hotuba, anaigeuza, anaigeuza tena. Anatoa leso. Jukwaa linabonyea. Rehemah amekwisha kuishusha beseni chini, kama mtu anayejiandaa kuikabidhi.)

Ndugu wananchi, kwa sababu ya muda, naruka vipengele vilivyobaki na kuingia moja kwa moja katika shukrani.

Nawashukuru kwanza wafadhili wetu wa ng'ambo, ambao hawajui kwamba mimi nipo duniani. Naishukuru kamati na kamati ndogo, ambazo zote mbili ni mimi, na soda niliinywa peke yangu. Naushukuru mfuko wa skolashipu, ambao nimeutafuta kila mahali. Namshukuru kwa namna ya pekee Mutwalibu, ambaye nilivuka naye kufuata sabuni upande wa pili. (Umati: "Sabuni?" Mutwalibu anajificha nyuma ya gurudumu la baiskeli yake, ambalo halimfichi.)

Ndiyo, sabuni. Sabuni ya mche. Mnajua desturi yetu, msijifanye watakatifu: sabuni ya njia za panya unakata kila mche katikati, nusu baiskeli hii, nusu baiskeli ile, moja ikishikwa mwenye mali asilie yote. Na karatasi hufungui, kwa kuwa ukifungua, harufu inatangulia mbele ya baiskeli kama king'ora. Basi muuzaji akatupa pakiti za kaki, ndefu, nzito, sijui alikosea au alituibia, Mutwalibu akazikata zote kwa panga bila kufungua hata moja. (Mutwalibu, kutoka nyuma ya gurudumu: "Nilikuambia hii sabuni ni kavu, Hajji! Ukasema, kata tu, imekaa stoo!") Nilisema, ndiyo. Baiskeli ya Mutwalibu ikaona askari, ikarudi Kenya na nusu zake. Ile nyingine nilikuwa naisukuma mimi, na bahati yangu ikanipeleka moja kwa moja kifuani kwa Afande Emuron.

Namshukuru sana Afande. Alipasua kaki, akaona vitabu nusu nusu, akaniuliza, "Nini hii?" Mimi mwenyewe ndiyo kwanza naviona! Mtutu ulikuwa hapa, kwenye kifungo cha pili. Nikasema, "Ni vya watoto maskini, Afande, wasome likizo." Akasema, "Na wakisoma?" Nikasema, "Wanakwenda koleji." Ndugu zangu, mradi huu haukuzaliwa ofisini, ulizaliwa pale, kwenye kifungo cha pili. Afande akafurahi, akapeleka habari juu; huko juu wakafurahi, wakanipa uenyekiti, wakatuma kiti, kitambaa, na sukari ya uzinduzi. Nilitaka kukanusha, lakini hakuna aliyewahi kukanusha furaha ya wakubwa akarudi nyumbani. Kabla ya swali la Afande mradi haukuwepo. Baada ya swali la Afande pia haukuwepo. Haupo.

(Kuku mmoja anasikika. Afande Emuron anatembea mpaka mbele ya jukwaa. "Hajji. Sabuni iko wapi?" "Haipo, Afande. Haikuwepo toka mwanzo." "Mradi iko wapi?" "Haupo, Afande." Afande anatazama mbingu. "Pete hakuna. Mradi hakuna. Sabuni hakuna. Sasa mimi nashika mtu na kitu gani? Nakwenda sema kwa wakubwa, nimekamata hakuna?" Anarudi kukaa. "Rehemah, ongeza karanga.")

(Umati unapumua wote kwa pamoja. Lakini Kulusumu hajaondoka. Amesimama palepale, na mama yake ameinama kuichukua beseni.)

Mama Rehemah, acha hiyo beseni! Sijamaliza kushukuru. Madamu Prinsipo, wanafunzi wako wanakunywa uji wa sukari? ("Tangu sukari ianze kuwa hadithi, Hajji, wanakunywa uji na chumvi. Nayo chumvi tukiipata.") Basi tazama hapa. Mfuko wa skolashipu sina, wafadhili sina, kamati ni mimi. Lakini kuna kitu kimoja katika mradi huu ambacho kipo kwelikweli, na nimekisimamia tangu asubuhi. (Hajji anashuka. Chini ya kitambaa cha kijani ni gunia la sukari, zima, halijafunguliwa. Hajji sasa ni mfupi kuliko maikrofoni. Umati: "Sukari!") Gunia hili, kwa ada ya mtoto huyu mmoja mpaka awe mwalimu. Unasemaje?

(Madamu Prinsipo hashauriani na mtu. "Jumatatu aje na gunia. Na blanketi, vyumba vina baridi.")

(Mtu wa Kiyeyi: "Na chai yetu? Sisi tumetoka Kiyeyi kwa sababu ya hiyo hiyo sukari! Miguu yote hii!")

Najua, ndugu yangu, na nawaonea huruma. Chai ipo. Ina majani ya kweli, ina moto wa kweli, ila itakuwa kavu, bila sukari. Nani hapa anataka chai ya sukari na Kulusumu abaki na beseni? Anyooshe mkono nimwone. (Mkono mmoja unanyooka. Mke wake anaushusha. Mtu wa Kiyeyi anakuna kichwa: "Basi achukue. Lakini kwa chai kavu, karanga iwe bure!" Rehemah, akijifuta uso kwa kanga: "Bure! Leo bure! Leo tu, msizoee!" Vigelegele. Kulusumu anajaribu kuliinua gunia peke yake, linakataa. Mutwalibu anatoka nyuma ya gurudumu, mkononi ana panga. "Nikate katikati?" Umati wote: "HAPANA!")

Lipakie zima, Mutwalibu, na upite barabara kubwa, mchana, mbele za watu. Afande atakusindikiza. (Afande: "Nasindikiza. Njiani huyu msichana ananisomea nusu ya pili.")

Sasa tuseme kwa sauti, mpaka wasikie ng'ambo ya pili. Kitabu nusu! ("Koleji nzima!") Karanga mkononi! ("Ukurasa machoni!") Chai kavu! ("Mtoto mbele!") Na punda! ("Asisingiziwe!")

Asanteni, asanteni sana, mfikishieni salamu zangu Mgeni wa Heshima mkimwona, na mrudisheni kiti chake. Kulusumu, mwanangu, lete mkono. Huko koleji wakikuuliza nani alikuonyesha njia, usiseme ni Hajji aliyesoma London. London ni uongo. Nilifika Nakuru, nilikuwa taniboi wa lori, na koti hili nililinunua sokoni.